MIZANI MKONONI MWA MTOTO



Katika Sura Ar-Rahman ya Qur'an Tukufu (55:8-10) Mwenyezi Mungu Anataja kuinuliwa kwa mbingu, na papo hapo Anataja kuwekwa kwa mizani, kisha Anawaonya wanadamu wasiipunje mizani hiyo. Msomaji wa haraka hudhani kwamba onyo hilo linawahusu wauza nafaka tu. Lakini mwenye kutafakari atajiuliza: kibaba na ratili vina uhusiano gani na mbingu hata vitajwe pamoja? Jawabu ni kwamba mizani ni kila chombo ambacho kwacho haki hutengwa na batili. Mizani ya sokoni hupima mahindi. Mizani ya hakimu hupima ushahidi. Na akili ambayo Mungu Amempa kila mwanadamu ni mizani ya kupimia maneno. Aliyepunjwa unga atalala njaa siku moja, lakini aliyepunjwa akili atadanganywa maisha yake yote.

Makala haya yanahusu mizani hiyo ya tatu, na hasa namna ya kuitia mkononi mwa mtoto wa shule ya msingi. Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Nyamwaga, wilayani Tarime, mkoa wa Mara, kwa sababu huko haja ya kupima inaonekana kwa macho. Nyamwaga ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime. Kusini yake Mto Mara unaitenga Tarime na Serengeti. Jirani yake ni Nyamongo, ambako mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002, na ambako wachimbaji wadogo nao hutafuta riziki yao katika mawe na mchanga. Mtoto wa huko hukua akisikia kila siku maneno ya kupimwa: jiwe hili ni dhahabu, mizani hii ni ya kweli, fedha hii itazaa, mila hii ikiachwa balaa itashuka. Nani atamfundisha kupima?

SOMO LA KIJITI NA UZI

Natuchukue mfano. Tuseme mwalimu wa darasa la tano anaingia darasani na vijiti, nyuzi na vifuniko vya makopo. Angeweza kuandika ubaoni maana ya mizani, watoto wainakili na kuikariri, na kesho wapate alama zao. Badala yake anawapa tatizo: "Baba yako amepeleka dhahabu yake kwa mnunuzi. Mnunuzi ameweka dhahabu upande mmoja na jiwe la mizani upande wa pili, mizani imetulia sawasawa. Utajuaje kama umepunjwa?"

Kwanza kila kundi linaunda mizani yake: kijiti kinafungwa uzi, na vifuniko viwili vinaning'inizwa kwenye ncha zake. Halafu mwalimu anawaletea mizani yake aliyoitengeneza kwa hila. Ule uzi wa kushikia haukufungwa katikati, ila umesogezwa kidogo upande mmoja, na kitanga cha upande ule mfupi kimeongezewa uzito kwa siri, hata ikiwa tupu mizani inalala sawa. Watoto wanaitazama na kusema ni nzuri. Anaweka punje za mahindi huku na kijiwe kule, inatulia. Wanasema ni ya haki. Ndipo mtoto mmoja, pengine yule ambaye hakupata kusifiwa hata siku moja kwa kukariri, anainuka na kuhamisha: kijiwe anakiweka penye mahindi, na mahindi anayaweka penye kijiwe. Mizani inaanguka upande mmoja! Hila imefichuka, wala hapakuwa na haja ya kumtukana mtu.

Lakini mwalimu mwema haishii hapo. Anauliza tena: "Je, kubadilisha vitanga kunafichua kila udanganyifu?" Watoto watajaribu na kuona kwamba hapana, kama jiwe la mizani lenyewe ni pungufu, kubadilisha hakusaidii kitu. Basi watafute njia nyingine. Mmoja atakumbuka kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kwamba kwa maji yaliyopimwa vizuri lile jiwe la kilo laweza kusutwa. Hivyo wanajifunza jambo kubwa kuliko mizani yenyewe, nalo ni kwamba kila kipimo kina mpaka wake, na mwenye hekima huujua mpaka huo.

Kwa njia hiyo hiyo wataweza kupewa jiwe linalong'aa. Je, ni dhahabu? Macho husema ndiyo. Lisuguliwe kwenye mgongo wa kigae usiong'arishwa: dhahabu huacha mstari wa manjano, na lile jiwe la uongo ambalo watu huliita dhahabu ya wapumbavu huacha mstari mweusi wa kijanikijani. Ligongwe kwa nyundo: dhahabu hubonyea na kutandazika, na ile bandia huvunjika vipande. Mtoto aliyefanya hayo kwa mkono wake hataambiwa tena na mtu kwamba kila king'aacho ni dhahabu akaamini.

MITUME WALIFUNDISHAJE?

Huenda mtu akasema: Huu ni ufundi wa shule, dini ina nini nao? Tunajibu kwamba njia hii ni kongwe kuliko shule zote, kwani Mwenyezi Mungu Ameitumia kuwafundisha waja Wake.

Nabii Ibrahimu a.s., kama ielezavyo Sura Al-Anbiya (21:59-68), alikuwa miongoni mwa watu walioabudu masanamu. Hakutosheka na kuwahubiria. Aliyavunja yale madogo akaliacha kubwa lao, na walipomjia kwa hasira akawaelekeza waliulize lile kubwa, kama linaweza kusema. Hapo watu wakairudia nafsi zao na kukiri kwamba masanamu hayasemi. Tazama, ndugu msomaji: aliwawekea tatizo mbele ya macho yao, akawaacha wafikie jawabu kwa vinywa vyao wenyewe. Kwamba baadaye walishupaa, lawama ni yao. Lakini hoja ilikwisha kusimama.

Wasomaji wetu waliolelewa katika Biblia watakumbuka kisa cha Danieli katika sura ya kwanza ya kitabu chake. Yeye na wenzake hawakutaka kula chakula cha mfalme. Msimamizi aliogopa kwamba watadhoofika. Danieli hakubishana naye kwa maneno matupu. Aliomba wajaribiwe kwa siku kumi, wapewe mboga na maji, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana waliokula cha mfalme. Hilo ndilo jaribio lenye muda maalumu na lenye kulinganisha, nalo ni somo tosha kwa darasa lolote. Na Injili ya Luka, sura ya pili, inamweleza Yesu akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, ameketi kati ya walimu hekaluni, akiwasikiliza na kuwauliza maswali, nao hawakumfukuza.

Ama Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w., mafundisho yake yamejaa njia hii. Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba mtu mmoja alimjia akiwa na shaka kwa sababu mkewe alizaa mtoto mweusi. Mtume s.a.w. hakumkemea. Alimwuliza kama ana ngamia, na rangi zao, na kama miongoni mwao yumo wa rangi ya kijivujivu. Na yule mtu alipokubali kwamba wamo, akamwuliza rangi hiyo ilitoka wapi. Akajibu kwamba pengine ni asili iliyomvuta. Basi akaambiwa kuwa huenda mtoto wake naye ni hivyo hivyo. Mfugaji alifundishwa kwa mifugo yake mwenyewe, na ndoa moja ikaokoka.

Lakini kisa kinachozidi vyote katika jambo hili ni kile cha kupatwa kwa jua. Siku alipofariki Ibrahimu, mtoto mdogo wa Mtume s.a.w., jua lilipatwa. Watu wakaanza kusema kwamba jua limepatwa kwa ajili ya msiba wa mtoto huyo. Fikirini! Baba yu katika majonzi, na uvumi unaoenea unamtukuza yeye na nyumba yake. Mtu mwongo angeunyamazia uvumi huo ili umfae. Yeye aliukataa waziwazi, akawafundisha watu kuwa jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mungu, wala havipatwi kwa ajili ya kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hapa ndipo kubadilisha vitanga kunapofikia ukamilifu wake: hoja mbovu aliikataa hata ilipokuwa upande wake. Mtoto anayejifunza kuhamisha kijiwe na mahindi yuko katika hatua ya kwanza ya njia hiyo.

SI JAMBO GENI NCHINI KWETU

Wako wanaosema kwamba mafundisho ya kutenda na kuhoji ni mtindo wa Wazungu, tena wenye shule tajiri. Haya si kweli. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu wa Mara, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967. Humo alitaka elimu ijenge akili yenye kudadisi, na uwezo wa kujifunza kwa wengine huku mtu akichagua la kufaa na kuacha lisilofaa, na imani ya mtu katika nafasi yake kama mwananchi huru. Mwaka 1974, mjini Musoma, likatolewa Azimio la kuhakikisha kila mtoto anapata elimu ya msingi. Madarasa yakajaa, na tangu hapo swali limekuwa, je, akishaingia darasani atajazwa maneno au atafundishwa kufikiri? Mtaala wa mwaka 2005 ulijibu kwamba lengo ni umahiri wala si kukariri, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umekariri jibu hilo. Lakini maandishi ya mtaala hayafundishi. Anayefundisha ni mwalimu.

Na mapema zaidi, katika miaka ya 1960, Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki mpango wa kufundisha sayansi katika shule za msingi za Afrika kwa vitu vya mazingira. Kijitabu kimoja cha mpango huo kilihusu yule mdudu anayechimba shimo dogo mchangani mfano wa faneli akawanasa sisimizi. Mwalimu alishauriwa asiwape watoto majibu, ila wamwulize mdudu mwenyewe kwa kumtazama na kumjaribu: akihamishwa penye udongo mzito atachimba? Penye giza je? Mtaalamu Eleanor Duckworth alipoupima mpango huo nchini Kenya, aliwawekea watoto vifaa chumbani akatazama watafanya nini navyo. Waliosoma kwa njia hiyo walibuni mambo mengi zaidi, tena yenye undani zaidi, kuliko wenzao. Vifaa vyao vilikuwa vya kawaida kabisa. Basi nani atasema kwamba Nyamwaga haina mchanga, vijiti na wadudu?

Naam, madarasa ni makubwa, na mwalimu mmoja huweza kuwa na watoto themanini au zaidi. Lakini kundi la wanane lenye mizani moja linahitaji mizani kumi tu, na mizani kumi ni vijiti kumi. Neno ni utaratibu. Kwanza liwepo tatizo la kweli, si la kitabuni tu. Pili, kila mtoto aseme anavyodhani kabla ya kujaribu, ili asije akadai baadaye kuwa alijua. Tatu, mikono ifanye. Nne, kiandikwe kilichotokea, hata kama si kilichotarajiwa. Kwani kuandika kisichotokea ni uongo, na uongo ni dhambi hata ndani ya daftari la hesabu. Tano, wabishane kwa hoja na adabu. Na mwalimu akiulizwa asilolijua aseme, "Sijui, natutafute pamoja." Neno hilo halimshushi; humpandisha, kwa kuwa Qur'an Tukufu (17:37) imekataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, na imetuonya kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

HASARA YA KUTOPIMA

Asidhani mtu kwamba haya ni mapambo ya elimu. Wazee wetu wengi wanakumbuka habari za DECI, ambayo watu waliitwa kwayo wapande mbegu ya fedha na kuvuna zaidi, na ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2009 baada ya maelfu kutoa akiba zao. Wengi waliingia kwa kuwaamini watu wa dini. Sasa wape watoto wa darasa la sita gunia la mahindi. Waambie: mmoja hulipwa na wawili wanaoingia nyuma yake, na hao hulipwa na wanne, na wanne na wanane. Wapange punje chini, safu baada ya safu. Katika safu ya kumi na moja watahitaji punje 1,024, na katika safu ya ishirini na moja watahitaji zaidi ya milioni moja. Mtoto atainua uso na kuuliza: "Hao watu watatoka wapi?" Swali hilo moja, lingeulizwa na watu wazima kwa wakati, lingeokoa mashamba na ng'ombe wengi.

Na liko jambo zito zaidi. Katika jamii ya Wakurya bado wako wasichana wanaokeketwa, hasa msimu wa Desemba ufikapo, ingawa sheria ya mwaka 1998 imekataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka kumi na minane. Husemwa kwamba asiyekeketwa huleta mkosi, au hataolewa, au hatazaa vema. Hatuwatukani wazee, twawaomba tu wapime nasi. Jirani zao Wajaluo wa Rorya hawana desturi hii. Je, binti zao hawaolewi? Hawazai? Nyumba zao zimeanguka? Mtoto wa darasa la nne aweza kulijibu hilo kwa kutazama ng'ambo ya mpaka wa wilaya. Wala asitokee Mwislamu akadai kwamba Qur'an Tukufu imeamuru jambo hilo, maana haimo humo amri hiyo. Damu ya binti haiwezi kumwagwa kwa neno ambalo halikupata kuwekwa kwenye mizani.

JE, MTOTO HATAKOSA ADABU?

Hofu ya wazazi ni kwamba mtoto aulizaye sana hataheshimu wakubwa. Hapa natukumbuke hadithi nyingine ya Bukhari. Mtume s.a.w. aliwauliza masahaba wake kitendawili: ni mti gani ambao majani yake hayapukutiki, na ambao ni mfano wa Mwislamu? Watu wakawaza miti ya nyikani. Abdullah bin Umar, aliyekuwa kijana, alijua moyoni kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Baadaye alipomweleza baba yake, Hadhrat Umar r.a., baba hakumsifu kwa kunyamaza. Alimwambia kwamba angefurahi mno kama angelisema. Huyo ndiye baba anayejua adabu. Heshima si kunyamaza palipo na haki. Ni kuisema haki kwa sauti nzuri, na kuikubali pia itokapo kwa mdogo.

Mtoto afundishwe kuhoji neno bila kumdharau msemaji. Na afundishwe kwamba mizani yake aipime kwanza kwa maneno yake mwenyewe. Anayehoji wengine tu na asijihoji amefunga uzi wake pembeni mwa kijiti, kama yule mnunuzi.

KWENU MLIOINGIA KARIBUNI, NA MNAOTAFUTA

Mwisho, tuna neno kwenu ninyi mlioingia katika dini karibuni, na ninyi ambao bado mnauliza njia. Wengi wenu mmefika hapa kwa kuuliza. Mlisikia mambo tangu utotoni, siku moja mkayaweka kwenye mizani, mkaona upande mmoja umepungua. Mlitukanwa, labda hata baba zenu waliwageuzia uso. Mlisema, "Siwezi kuamini kwa sababu tu niliambiwa."

Basi tunawauliza kwa mapenzi: je, mtoto wako akija jioni na kukuuliza kwa nini tunasali, kwa nini tunafunga, tunajuaje kwamba Mungu yupo, utamwambia anyamaze? Kama utamnyamazisha, umemfanyia yale yale uliyofanyiwa wewe. Dini uliyoinunua kwa jasho la kutafuta utamrithisha kama kilemba cha marehemu, naye atakivaa mpaka upepo wa kwanza utakapovuma. Mtoto wa mwamini aliyekariri tu huanguka mbele ya mhubiri wa kwanza mwenye sauti kubwa. Mtoto aliyepima husimama, kwa sababu anajua alipofungia uzi wake.

Ukiwa hujui jawabu, mwambie kama yule mwalimu: natutafute pamoja. Wala usiiogopee haki. Dhahabu haikuogopa kigae wala nyundo. Inayoogopa ni ile bandia. Tukisema dini yetu ni ya kweli, kisha tukawaficha watoto wetu kigae, tumekwisha kutoa ushahidi dhidi ya maneno yetu wenyewe.

Mwenyezi Mungu Atujaalie kuwalea watoto wenye macho ya kutazama, mikono ya kujaribu, na nyoyo za kuinamia haki popote waionapo. Na Atuepushe tusiipunje mizani Aliyoiweka, si sokoni, wala darasani, wala nyumbani mwetu. Amin.